Fremu Moja, Mitutu Mingi

Mwaka 1813 Serikali ya Marekani iliingia mkataba na Simeon North, fundi wa silaha wa Connecticut, aliundie jeshi bastola 20,000. Mkataba ulikuwa na bei na muda kama mikataba mingine, ila ulibeba sharti moja ambalo mafundi wa zama hizo hawakulizoea: kipande chochote cha bastola moja kiweze kuingia katika bastola nyingine yoyote kati ya hizo 20,000.

Ili kuelewa uzito wa sharti hilo, ni lazima tukumbuke bunduki ilivyokuwa ikizaliwa kabla yake. Fundi alifua mtutu, akachonga kitako, kisha akakaa na tupa mkononi akipunguza chuma kidogo kidogo mpaka vipande vikubaliane. Vikishakubaliana, vilikuwa vya bunduki hiyo peke yake. Kila silaha ilikuwa kama chungu na kifuniko chake: ukichukua kifuniko cha chungu cha jirani, ama hakifuniki ama kinacheza. Kipande kikivunjika vitani, askari hakuwa na la kufanya ila kumtafuta fundi mwingine mwenye tupa.

Wazo la kuuvunja utaratibu huo lilikuwa limeshaonekana Ufaransa. Mwaka 1785 Thomas Jefferson, akiwa balozi wa Marekani mjini Paris, alikwenda kwenye karakana ya Honoré Blanc. Akawekewa mbele yake vipande vya mitambo ya kufyatulia ya bunduki 50, akaokota vipande ovyo bila kuchagua, na kwa mikono yake mwenyewe akaviunganisha vikawa mitambo kamili. Jefferson aliandika habari hiyo nyumbani kwa shauku kubwa. Mwaka 1798 Eli Whitney, yule wa mashine ya kuchambua pamba, akapewa kazi ya bunduki 10,000, na mwaka 1801 akafanya onyesho la namna hiyo mbele ya wakubwa wa Serikali. Lakini wataalamu waliozichunguza bunduki zake baadaye walikuta vipande vyake havibadilishani kweli. Ahadi ilikuwa imetangulia mbele ya ufundi.

Aliyeifanya ahadi hiyo ishike ni John Hall, aliyefanya kazi katika ghala la silaha la Harpers Ferry. Tangu 1819 Hall alikuwa akitengeneza bunduki inayojazwa risasi kwa nyuma. Hakuanza na mashine. Alianza na vipimo. Kila kipande kilikuwa na vipimo vyake vya chuma vya kukikagulia, na kilipofungwa kwenye mashine kilipimwa kuanzia sehemu ile ile moja kila mara. Ukipima kila tundu kutoka tundu lililotangulia, makosa madogo hujikusanya mwishoni yakawa kosa kubwa. Ukipima yote kutoka alama moja, kila kosa hubaki peke yake na dogo. Kamati ya Serikali ilizivunja na kuzichanganya bunduki za Hall, na ripoti yake ya mwaka 1827 ikathibitisha kwamba zinaungana tena bila tupa. Ilipofika mwaka 1834, North, yule yule wa bastola, alikuwa akitengeneza kwenye kiwanda chake cha Middletown bunduki za muundo wa Hall ambazo vipande vyake vilibadilishana na vile vya Harpers Ferry, mamia ya kilomita kutoka hapo.

Kuna jambo moja katika kazi ya Hall ambalo ndilo uzi wa historia hii yote. Vipande viwili havikubaliani kwa sababu vimefanana na kila kitu kingine duniani. Vinakubaliana kwa sababu mtu ameamua ni wapi vikutane, na akalinda mahali hapo.

Mtutu, kipande kigumu kuliko vyote

Kubadilisha nyundo au skrubu ni jambo moja. Kubadilisha mtutu ni jambo lingine. Ndani ya mtutu ndimo moto unamowaka. Nyuma yake kuna chemba inayoshika risasi, na nyuma ya chemba kuna ukuta wa fremu unaozuia ganda lisirudi kumpiga mpigaji. Nafasi kati ya tako la risasi na ukuta huo ni ndogo sana, na haina huruma. Ikizidi, ganda hutanuka lisivyotakiwa na linaweza kupasuka. Ikipungua, bastola haifungi. Tena mtutu hubeba kitu kisichoonekana kwa jicho, yaani shabaha yenyewe: uelekeo wa risasi ukilinganishwa na mstari anaoutazama mpigaji.

Karne ya 19 ilipokuwa ikielekea ukingoni, miji ya mashariki ya Marekani ilikuwa na kumbi za kulenga shabaha ambako watu walishindana kwa bastola kwa makini sana. New York kulikuwa na ukumbi wa James Conlin. Kampuni ya Joshua Stevens ya Chicopee Falls, Massachusetts, ilitengeneza bastola za risasi moja kwa ajili ya wapigaji hawa na kuzipa majina ya watu mashuhuri wa mchezo huo: moja iliitwa Conlin, nyingine Lord, nyingine Gould, kwa jina la mhariri wa gazeti la wapenda shabaha. Bastola hizi hazikuwa na silinda wala magazini. Mpigaji aliinamisha mtutu, akaingiza risasi moja, akafunga, akavuta pumzi, akafyatua. Kasi haikuwa na maana hapo. Maana yote ilikuwa kwamba kila risasi ipite njia ile ile iliyopitiwa na ile iliyotangulia.

Mwaka 1893 kampuni ya Smith & Wesson ya Springfield, jimbo hilo hilo, ilileta suluhisho la kuvutia. Tayari ilikuwa na revolva ya .38 ya muundo wa 1891, ambayo mtutu wake hukunjika kwa bawaba iliyo mbele, chini ya fremu. Wahandisi wake wakaona kwamba fremu hiyo hiyo inaweza kushika mtutu mrefu wa risasi moja mahali pa silinda na mtutu mfupi. Mteja aliweza kununua seti nzima: fremu moja, mtutu na silinda ya revolva kwa matembezi, na mtutu wa shabaha wa .22, .32 au .38 kwa ukumbi. Mitutu hiyo ya shabaha ilipatikana kwa urefu wa inchi 6, 8 au 10.

Wazo lilikuwa zuri, lakini soko na ufundi viliuvuta muundo upande mwingine. Toleo la pili, la mwaka 1905, lilitengenezwa kwa fremu isiyoweza tena kupokea silinda. Toleo la tatu la mwaka 1909 lilijengwa juu ya fremu ya revolva nyingine kabisa. Kuanzia 1925 hadi 1936 kampuni iliuza bastola iliyoitwa Straight Line, yenye mtutu unaofunguka kwa kuzungukia pembeni, ambayo haikuwa na udugu na zile za mwanzo. Hivyo, ndani ya miaka 30 hivi, mtu mwenye fremu ya mwaka 1893 aliyetaka mtutu mpya hakuwa na kiwanda cha kumtengenezea. Ahadi ya fremu moja na mitutu mingi ilidumu kadiri kampuni ilivyotaka idumu, kisha ikaachwa.

Mzee wa mitutu

Wenye silaha za zamani walimwendea mtu kama Harry Pope. Alizaliwa mwaka 1861 na kufariki mwaka 1950, na maisha yake yote ya ufundi aliyatoa kwa mtutu. Alifanya kazi Hartford, kisha kampuni ya Stevens ikamchukua pamoja na jina lake. Baadaye akahamia San Francisco, na karakana yake ikaangamia katika tetemeko na moto wa Aprili 1906. Akarudi mashariki, akakaa Jersey City kwa miaka iliyobaki, akiwa amezungukwa na kazi za wateja waliokuwa tayari kungoja zamu yao kwa muda mrefu ajabu.

Pope alikata mifereji minane ndani ya mtutu, mmoja baada ya mwingine, kwa kisu kidogo kinachopita ndani ya chuma tena na tena na kuondoa vumbi la chuma tu kila kinapopita. Msokoto wake ulizunguka kushoto, nao uliongezeka ukali kadiri risasi ilivyokaribia mdomo wa mtutu. Mteja alimpelekea mtambo mzee wa bunduki, na Pope alitengeneza mtutu kwa ajili ya mtambo huo. Mitutu yake ilivunja rekodi na jina lake likawa sifa.

Lakini njia ya Pope ilikuwa ya zamani za kabla ya North. Mtutu wake ulikuwa wa mtambo mmoja kwa sababu yeye mwenyewe aliulinganisha nao, kwa mikono yake na jicho lake. Alipokufa, maarifa mengi ya namna ya kuulinganisha mtutu wa Pope na fremu nyingine yalikufa pamoja naye. Wakati huo, katikati ya karne ya 20, swali la 1813 na swali la 1893 yalikuwa bado yamesimama pamoja: je, inawezekana kuwa na bastola ya shabaha yenye usahihi wa Pope na uhuru wa North?

Karakana ya chini ya nyumba

Jibu lilitoka kwa fundi aliyeitwa Warren Center. Alikuwa amebuni silaha kwa ajili ya wengine, na katika karakana yake ya nyumbani, chini ya nyumba, alichora bastola ya risasi moja inayokunjika kwa bawaba. Mwaka 1965 alijiunga na K.W. Thompson Tool, kampuni ya zana iliyokuwa Rochester, New Hampshire. Mwaka 1967 bastola yake ikatoka sokoni ikiitwa Contender, na mafanikio yake yaliifanya kampuni ichukue jina jipya: Thompson/Center Arms.

Ukiishika Contender mkononi, unaona kwanza jinsi ilivyo na sehemu chache. Kuna fremu yenye mshikio, kifyatulio na nyundo. Mbele ya fremu kuna tundu linalopitisha pini nene ya bawaba. Chini ya mtutu kuna ulimi wa chuma wenye tundu la pini hiyo hiyo, na nyuma ya ulimi huo kuna komeo linaloruka na kuingia katika mwanya wa fremu mtutu unapofungwa. Kuifungua, mpigaji huvuta mkia wa kinga ya kifyatulio. Kuubadilisha mtutu, anaondoa kishikio cha mbao cha mbele, anasukuma pini itoke, anauondoa mtutu wa zamani, anauweka mpya, anarudisha pini na kishikio. Kazi yote haihitaji karakana.

Lakini ubunifu mkubwa zaidi wa Center haukuwa katika kile alichoweka kwenye fremu. Ulikuwa katika kile alichokiondoa humo. Vifaa vya kulengea, yaani alama ya mbele na ya nyuma au darubini, vyote viliwekwa juu ya mtutu. Chemba iko ndani ya mtutu. Kitoa ganda kimo ndani ya mtutu. Hata komeo la kufungia limo kwenye mtutu. Kwa hiyo kila kitu kinachopaswa kukubaliana kwa usahihi wa unywele kiliwekwa pamoja katika kipande kimoja, kikarekebishwa mara moja, na kikabaki hivyo. Mpigaji akiondoa mtutu wa .22 na kuweka mwingine, kisha akaurudisha ule wa kwanza mwezi ujao, jicho lake na njia ya risasi bado vinakubaliana, kwa sababu hakuna hata kimoja kati ya hivyo kilichohamia kwenye fremu.

Fremu ilibaki na kazi tatu tu: kushikwa mkononi, kuufunga mtutu, na kuipiga risasi. Center hakujaribu kuzilazimisha fremu zote na mitutu yote zifanane katika kila kitu. Alipunguza mahali zinapokutana mpaka pakabaki patatu: tundu la pini, komeo, na uso wa fremu. Akapalinda hapo, kama Hall alivyolinda alama yake moja huko Harpers Ferry.

Kazi ya kupiga nayo ilihitaji ujanja wake. Risasi ndogo za .22 huwashwa kwa kupigwa kwenye ukingo wa tako, na risasi kubwa huwashwa katikati. Fremu moja ya kupokea zote mbili ilihitaji pini mbili za kupigia. Center aliweka zote mbili, na kwenye nyundo akaweka namna ya kuchagua pini ipi ipigwe. Baadaye nyundo ikaongezewa nafasi ya tatu, ya usalama, ambayo haipigi pini yoyote.

Kuku, nguruwe, bata mzinga, kondoo

Katika miaka ya 1970 mchezo mmoja uliingia Marekani kutoka Mexico na kuifanya Contender iwe maarufu kuliko ilivyotarajiwa. Wapigaji wa Mexico walikuwa wakishindana kuangusha vibao vya chuma vilivyokatwa kwa umbo la wanyama. Mwaka 1976 chama cha kimataifa cha mchezo huo kwa bastola kilianzishwa, na kikaweka umbali: kuku mita 50, nguruwe mita 100, bata mzinga mita 150, kondoo dume mita 200. Kugonga kibao hakutoshi, lazima kianguke. Kumwangusha kondoo wa chuma mita 200 kwa bastola kulihitaji risasi yenye nguvu, mtutu mrefu na usahihi mkubwa.

Contender ilikuwa tayari. Kampuni ikatoa mtutu wa inchi 14 ulioitwa Super 14, mrefu kuliko ile ya mwanzo ya inchi 10. Wapigaji wakaanza kubuni risasi zao wenyewe kwa ajili ya fremu hii. Mwanzoni mwa muongo huo Steve Herrett na mwandishi Bob Milek walikuwa wamelifupisha ganda la .30-30 na kuunda .30 Herrett. Wes Ugalde alichukua ganda la .223, akalitanua mdomo likapokea risasi ya milimita 7, na kazi yake ikabeba herufi za kampuni na jina lake pamoja: 7mm TCU. J.D. Jones wa SSK Industries alitengeneza mitutu yake mwenyewe kwa fremu za Contender, na risasi zake, kama .375 JDJ iliyotokana na ganda la .444 Marlin, zilibebwa na wawindaji waliotaka kuwinda wanyama wakubwa kwa bastola.

Haya yote yaliwezekana kwa sababu mtu mwenye fremu hakuhitaji kununua bastola mpya kila wazo jipya lilipozaliwa. Alihitaji mtutu tu. Na kwa kuwa Center alikuwa amepunguza mahali pa kukutana, watengenezaji wengine waliweza kupima hapo patatu na kutengeneza mitutu yao wenyewe. Kiwanda cha Rochester kilikuwa kimebuni bastola. Wapigaji wakaibadilisha kuwa lugha ambayo mafundi wengi waliweza kuizungumza.

Mahali ahadi inapojaribiwa

Ahadi hiyo ilikuwa na mipaka yake. Kila risasi inapowaka, ganda hurudi nyuma na kusukuma ukuta wa fremu, na ukuta huo hupinda kiasi kidogo sana kisha hurudi mahali pake. Shinikizo likizidi, hupinda zaidi. Risasi zenye nguvu nyingi, kama .308 Winchester, zilikuwa juu ya kile fremu hii ilichoundwa kubeba. Mtu aliyeshika fremu imara mkononi angeweza kudhani kila mtutu unaoingia kwenye pini unafaa. Haukuwa hivyo. Kuingia ni jambo moja, na kustahimili ni jambo lingine.

Tena kulikuwa na tofauti kati ya vizazi. Mitutu ya mwanzo ilikuwa na komeo la kipande kimoja. Ya baadaye ikawa na komeo lililogawanyika vipande viwili, kila kimoja kikijitafutia mahali pake kwenye fremu. Fremu za mwanzo zilikuwa ngumu kufungua kuliko za baadaye. Pini na tundu lake vilichakaa kwa wale waliopiga risasi nyingi. Kwa hiyo fundi anayelinganisha mtutu na fremu ya zamani hutazama hapo patatu. Anatazama kama pini inakaa kwenye tundu bila kucheza. Anatazama kama komeo linaingia lote na kwa uhakika. Anapima mwanya kati ya tako la mtutu na uso wa fremu, tena akipima kwa fremu ile ile na mtutu ule ule, wala si kwa wastani wa kiwandani. Vikikubaliana hapo, vimekubaliana kote. Visipokubaliana, hakuna uzuri wa mifereji utakaoifanya bastola hiyo iwe salama.

Hapo ndipo ninapoona thamani ya kumheshimu fundi. Ubunifu wa Center haukumwondoa. Ulimpa kazi iliyo wazi. Fundi wa kabla ya North aliupunguza mtutu kwa tupa akibahatisha mahali pa kupunguza. Fundi wa Contender anajua mahali patatu pa kutazama, na anajua pia kwamba mahali hapo hapatakiwi tupa, panatakiwa kipimo.

Mahakama Kuu na mtutu wa inchi 21

Uhuru wa kubadilisha mitutu uliifikisha bastola hii mbele ya Mahakama Kuu ya Marekani. Tangu mwaka 1934 sheria ya nchi hiyo ilitoza kodi ya dola 200 kwa bunduki fupi, yaani bunduki ya begani yenye mtutu uliopungua kipimo cha sheria, kilichokuwa inchi 16 kesi ilipofika mahakamani. Thompson/Center ilikuwa ikiuza seti: bastola yenye mtutu wa inchi 10, pamoja na mtutu wa bunduki wa inchi 21 na kitako cha begani. Mteja aliweza kuunganisha bastola halali au bunduki halali. Lakini Serikali ilisema kwamba aliweza pia kuweka kitako cha begani pamoja na mtutu wa inchi 10, na kwa hiyo seti nzima ilikuwa bunduki fupi inayotozwa kodi hata kabla mtu hajaiunganisha hivyo.

Kampuni ililipa dola 200 kwa seti moja, kisha ikadai kurudishiwa. Kesi ikapanda ngazi za mahakama mpaka ikafika juu kabisa. Tarehe 8 Juni 1992 Mahakama Kuu iliamua kwa majaji watano dhidi ya wanne kwamba kampuni ina haki. Jaji David Souter aliandika hukumu ya kundi lililoongoza. Kwa kuwa vipande vya seti vilikuwa na matumizi halali, na kwa kuwa sheria hiyo ilikuwa na adhabu ya jinai, majaji hao waliona kwamba utata wa sheria hauwezi kumkandamiza anayeshtakiwa, bali unapaswa kumpendelea.

Hukumu hiyo ilikuwa na athari zaidi ya dola 200. Mwaka 2011 idara ya Serikali inayosimamia silaha ilitoa mwongozo uliotokana na hukumu ile, ukieleza kwamba mwenye bastola anaweza kuifanya bunduki ya begani na kuirudisha kuwa bastola, mradi katika hatua yoyote isiwe bunduki fupi. Bastola ya risasi moja, iliyobuniwa chini ya nyumba, iliwafanya majaji wa juu kabisa wajiulize swali ambalo North na Hall walikuwa wamelijibu kwa chuma: kitu kinachoweza kuwa vitu viwili, ni kitu gani?

Sheria za nchi hazikujibu sawasawa. Marekani fremu ndiyo bunduki mbele ya sheria. Ndiyo inayobeba namba, na mtutu unauzwa kama kipuri. Uingereza mtutu pia huhesabiwa kuwa sehemu inayodhibitiwa kisheria. Kipande kile kile cha chuma ni kipuri upande mmoja wa bahari na silaha upande wa pili. Kwa mwenye bastola hii, kujua sheria ya mahali alipo ni sehemu ya ufundi kama kupima mwanya.

Mkataba uliorithiwa

Mwishoni mwa miaka ya 1990 kampuni ilitoa Encore, fremu kubwa na nene iliyoweza kubeba risasi zenye shinikizo la .308 na zaidi. Ilikuwa na sura ya udugu na Contender, lakini mitutu yake haikuingia katika Contender, wala ya Contender haikuingia ndani yake. Naona hapo uaminifu wa wabunifu. Walipohitaji kubadilisha mahali pa kukutana, walibadilisha na jina pia, ili mtu yeyote asije akajaribu mtutu wenye nguvu nyingi katika fremu isiyoweza kuubeba. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 ikaja G2, toleo jipya la Contender lenye kifyatulio rahisi zaidi kutumia. Hiyo ilipokea karibu mitutu yote ya zamani. Mahali pale patatu palilindwa.

Mwaka 2007 Smith & Wesson, kampuni ile ile iliyouza fremu moja na mitutu miwili mwaka 1893, iliinunua Thompson/Center kwa dola milioni 102. Mwisho wa 2010 ilitangaza kukifunga kiwanda cha Rochester na kuhamishia uzalishaji Springfield. Mwaka 2021 ikatangaza kuwa itaiuza chapa hiyo, na mwaka 2024 ikanunuliwa na mtu aliyewahi kuiongoza.

Katika miaka hiyo yote fremu zilizotoka Rochester tangu 1967 ziliendelea kupokea mitutu mipya kutoka kwa mafundi waliojitegemea. Hapo ndipo tofauti na seti ya 1893 inapoonekana. Fremu ya Smith & Wesson ilihitaji kampuni iendelee kuitaka. Fremu ya Center ilihitaji tu watu waendelee kupima mahali patatu, na wao waliendelea. Kampuni ikabadilisha wenyewe, kiwanda kikafungwa, lakini mkataba kati ya pini, komeo na uso wa fremu ukaendelea kushika.

Simeon North aliahidi kwamba kipande cha bastola moja kitaingia katika nyingine yoyote kati ya 20,000. Warren Center alikwenda mbali zaidi ya hapo: alitengeneza fremu inayoweza kupokea mtutu ambao haujazaliwa bado, na mtutu ambao fundi wake hatawahi kukutana naye. Hakufanya hivyo kwa kulazimisha vitu vifanane. Alifanya hivyo kwa kuchagua machache yanayopaswa kukubaliana, na kuyalinda hayo machache bila kuyumba. Kazi yoyote ya ufundi inayotaka kuishi zaidi ya kampuni iliyoianzisha inahitaji uamuzi wa namna hiyo.